Motokaa ya Petroli, ya Dizeli na ya Umeme: Ipi Hula Kidogo?



Wapenzi wasomaji wetu, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za matumizi ya nyumbani: unga, mkaa, ada za watoto, na namna ya kuiweka shilingi mahali penye haja nayo. Mwezi huu twataka kuzungumza habari ya motokaa, kwa kuwa familia nyingi sasa huitamani, na vijana wengi hutaka kuifanya chombo cha riziki. Motokaa ni kitu chema, lakini kikinunuliwa bila ya hesabu hula chakula cha watoto.

Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana haifai mwalimu kuwaonya watu juu ya shimo bila ya kusema kwamba yeye mwenyewe alikwisha kutumbukia.

Miaka mitatu iliyopita, wazazi wa madrasa yetu hapa Tanga walichanga fedha ili inunuliwe motokaa ya kuwachukua watoto wanaokaa mbali. Wengine walitoa elfu hamsini, wengine elfu kumi, na mama mmoja mwuza vitumbua alileta sarafu zake ndani ya mkebe. Katika kikao mzee mmoja akasema, "Nunueni ya dizeli, dizeli hula kidogo." Sote tukanyanyua mikono, na mkono wetu ulikuwa miongoni mwa iliyotangulia. Hapana aliyeuliza motokaa hiyo itakwenda kilomita ngapi kwa siku, wala itakwenda mwendo wa namna gani.

Basi ikanunuliwa motokaa kuukuu ya dizeli ya abiria saba. Kazi yake ikawa kuzunguka Makorora na Ngamiani, kusimama kila kona, kuzima, kuwasha na kurudi. Haikutimia miezi kumi ikaanza kukosa nguvu. Fundi akatwambia kwamba chujio la masizi limeziba na nozeli zimeharibika. Motokaa za dizeli za siku hizi zina chujio la kuzuia masizi, nalo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Motokaa isiyopata kwenda mbali, chujio lake hujaa. Matengenezo yakala fedha iliyokuwa ya mafuta ya mwaka mzima, na leo imesimama chini ya mwembe, na kuku hutaga chini yake. Kosa halikuwa la motokaa wala la fundi. Lilikuwa letu sisi tulionyanyua mikono.

Mwaka huu wazazi wamechanga tena, na mama wa vitumbua hakubaki nyuma. Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, akatujia kijana tuliyemsomesha zamani, naye sasa ni fundi wa umeme. Akasema, "Shikamoo, Maalim. Safari hii, kabla ya kunyanyua mikono, nyanyueni kalamu." Tukamwitikia marahaba, tukakaa naye barazani na daftari. Tuliyoyaandika katika daftari lile ndiyo tunayowaletea leo.

Bei ya lita si bei ya safari

Watu wengi wakitaka kulinganisha motokaa hutazama bei ya lita ya petroli na bei ya lita ya dizeli, wakaona zimekaribiana, wakasema hapana tofauti. Hivyo si sawa. Linalofaa kuulizwa ni hili: kilomita moja yanigharimu shilingi ngapi?

Kwa kuwa bei hubadilika, sisi tutatumia bei za mfano, nawe utaweka bei za mji wako. Hapa Tanzania EWURA hutangaza bei za kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Tanga, ya Dar es Salaam na ya Mtwara huweza kutofautiana. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, dizeli shilingi 2,900, na umeme wa Luku shilingi 360 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo zake.

Lita moja ya petroli ina nguvu iliyo sawa na yuniti 9 hivi za umeme, na lita ya dizeli ina yuniti 10 hivi. Gawanya shilingi 3,000 kwa 9, utapata shilingi 333. Basi nguvu ya yuniti moja, ukiinunua katika petroli au ukiinunua katika Luku, bei yake yakaribiana sana! Tofauti kubwa haimo katika kununua, imo katika kupoteza. Injini ya petroli hutumia kiasi cha robo moja tu ya nguvu ile kuzungusha magurudumu, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kama joto katika rejeta na katika bomba la moshi. Injini ya dizeli hutumia kiasi cha theluthi moja au zaidi kidogo. Mota ya umeme hutumia zaidi ya robo tatu. Ni mfano wa watu watatu waliochota maji kisima kimoja kwa bei moja, mmoja akabeba ndoo nzima, na wawili wakabeba ndoo zilizotoboka.

Hesabu ya daftari

Tuchukue motokaa tatu za abiria saba, zenye ukubwa mmoja. Ya petroli yaenda kilomita 10 kwa lita, ya dizeli kilomita 13 kwa lita, na ya umeme kilomita 5 kwa yuniti. Madrasa yetu yahitaji kilomita 1,000 kwa mwezi.

Ya petroli itataka lita 100, nazo ni shilingi 300,000. Ya dizeli itataka lita 77, nazo ni shilingi 223,300. Ya umeme itataka yuniti 200, nazo ni shilingi 72,000. Yaani kila kilomita moja ni shilingi 300 kwa petroli, shilingi 223 kwa dizeli, na shilingi 72 kwa umeme.

Hapo tulitaka kufunga daftari tukafurahi, lakini kijana wetu akasema, "Bado, Maalim. Hiyo ni chakula tu, hatujahesabu dawa."

Motokaa ya petroli hutaka oili, chujio, plagi na mikanda. Ya dizeli hutaka oili na machujio, na nozeli na pampu zake zikiharibika ni ghali. Ya umeme haina oili ya injini wala plagi, na breki zake hukaa muda mrefu, kwa kuwa mota yenyewe husaidia kuipunguzia mwendo na kurudisha umeme katika betri. Lakini matairi na vifaa vya chini huchakaa katika zote tatu. Tukatenga kwa kila kilomita shilingi 50 kwa petroli, 60 kwa dizeli na 25 kwa umeme.

Kisha likaja jambo zito, nalo ni betri. Betri huzeeka kidogo kidogo, na siku moja itataka kubadilishwa. Tukasema, ikiwa betri ni shilingi milioni 12 nayo itakwenda kilomita 200,000, basi kila kilomita tuiwekee akiba ya shilingi 60. Mwenye kutumia umeme bila ya kuweka akiba hii hujidanganya, kwani hula leo fedha ya betri ya kesho.

Jumla ikawa hivi: petroli shilingi 350 kwa kilomita, dizeli 283, na umeme 157. Umeme bado ni rahisi, hata baada ya kuubebesha mzigo wake wote.

Hesabu moja, majibu mawili

Lakini, enyi wasomaji, kuna bei ya kununua. Tuseme motokaa ya umeme ni ghali kuliko ya petroli kwa shilingi milioni 15. Kwa kilomita 1,000 kwa mwezi, twaokoa shilingi 193,000. Gawanya milioni 15 kwa kiasi hicho, utapata miezi 78 hivi, yaani miaka sita na nusu. Ndipo faida ianze! Sasa mtazame dereva wa teksi anayekwenda kilomita 4,000 kwa mwezi. Yeye huokoa shilingi 772,000, naye hurudisha milioni 15 zake katika miezi 20. Motokaa ni ile ile na bei ni zile zile, lakini kwa mmoja ni faida na kwa mwingine ni fedha iliyolala. Kinachoamua ni mwendo.

Kijana wetu ana ndugu mwendesha bodaboda, tukamhesabia naye. Huenda kilomita 120 kwa siku. Pikipiki yake ya petroli hula lita 3, nazo ni shilingi 9,000. Ya umeme ingekula yuniti 4, nazo ni shilingi 1,440. Hata akitenga shilingi 2,000 kila siku kwa ajili ya betri, atabakiwa na shilingi 5,560. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 144,560, na ikiwa pikipiki ya umeme imezidi bei kwa milioni 2, atazirudisha katika miezi 14. Huyo tukamwambia afikiri upesi. Lakini ajue kwamba katika miji kama Kigali na Nairobi waendesha pikipiki wengi hubadilishana betri katika vituo vya kampuni, na bei ya kubadilisha betri si bei ya Luku. Aulize bei hiyo kwanza, kisha ahesabu upya.

Na dizeli je? Dizeli haikuumbwa kwa mizunguko ya Makorora. Mwenye lori la kupeleka machungwa Dar es Salaam, kilomita 350 hivi na mzigo mgongoni, dizeli ni kazi yake. Lakini yafaa wazazi wajue kwamba mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Gharama hiyo haimo katika daftari letu, wala haifai kuisahau mahali wanapopandia watoto.

Mambo ya kutazama kabla ya kununua

Kwanza, umeme wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi yetu ilikuwa katika mgao, na mwenye motokaa ya umeme wakati ule alihitaji subira. Hali ilipata nafuu baada ya mitambo ya Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Hata hivyo, tazama mtaani kwako umeme hukatika mara ngapi.

Pili, masafa. Betri ya yuniti 40 yakupeleka kilomita 200 hivi. Kwa kuzunguka mji yatosha na kuzidi, lakini kwa safari ya Dar es Salaam utahitaji kuchaji njiani, na lazima ujue ni wapi.

Tatu, mabadiliko ya bei. Mafuta yetu huja kwa meli na hununuliwa kwa dola, na mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita kwa sababu ya mambo yaliyotokea mbali nasi. Ndugu zetu wa Kenya waliona petroli ikipita shilingi 200 za kwao Septemba 2023, na mwaka ule ule serikali yao ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa ambazo watumiaji ni wachache. Bei zikigeuka, jibu nalo hugeuka. Basi daftari lisitupwe.

Nne, deni. Ukinunua kwa kukopa, gharama ya deni nayo ni sehemu ya kilomita. Mkopo wa riba sisi hatuushauri, na wenye kuujua watakwambia kwamba huweza kuimeza faida yote tuliyoihesabu.

Tano, motokaa kuukuu ya umeme usiinunue kwa macho. Mpate fundi mwenye chombo cha kupima betri akwambie imebakiwa na uwezo kiasi gani, maana rangi huweza kung'aa na betri ikawa imekwisha.

Ijumaa iliyopita tulikaa tena kikao. Safari hii daftari lilisomwa kwa sauti toka mwanzo hata mwisho, na vijana wengine walichoka. Mama wa vitumbua hakuchoka. Aliuliza, "Maalim, hiyo shilingi 157 ni pamoja na betri?" Tukamjibu ndiyo, ni pamoja na betri. Akauliza, "Na mwendo wetu watosha kuirudisha?" Tukamjibu hautoshi, labda madrasa ikue. Akasema, "Basi nunueni ya petroli, na akiba ya kila mwezi iandikwe." Kikao kikakubali, na kijana wetu fundi wa umeme, ambaye moyo wake ulikuwa katika motokaa ya umeme, alikuwa wa kwanza kukubali, kwa kuwa hesabu ilikuwa yake.

Fedha ya watu ni amana, na fedha ya watoto wako ni amana vile vile. Shime, ndugu zetu: kabla hujasikia sifa za muuzaji, andika kilomita zako za mwezi mmoja. Mwenye kujua mwendo wake hauziwi motokaa ya mwendo wa mtu mwingine.

Wassalaam.