Usukani Ukiwa Mwepesi, Sema

Mwezi huu nakuletea kisa cha safari. Kinahusu pikipiki iliyopakiwa nyuma ya gari, lakini usifunue ukurasa wa pili ukidhani haya ni mambo ya akina baba na mafundi. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku ile.

Mwezi wa Agosti 2023 nilikwenda Uingereza kumtembelea mdogo wangu, ambaye ni muuguzi karibu na Birmingham. Yeye na mumewe walikuwa wameweka akiba kwa miaka kadhaa, wakanunua gari-nyumba lililokwisha kutumika. Kwa yule ambaye hajaliona, gari-nyumba ni gari refu lenye vitanda, jiko la gesi, jokofu dogo, tangi la maji na choo, vyote humo humo ndani. Familia huondoka nalo wakati wa likizo, ikapika na kulala ndani yake, na hivyo huepuka gharama za hoteli.

Gari la namna hiyo lina taabu yake moja. Ukishaliegesha kambini na kutandika vitanda, hata kwenda kununua maziwa inabidi ufunge makabati yote, ukusanye vyombo, na kuiendesha nyumba nzima mpaka dukani. Ndiyo sababu wengi hubeba baiskeli nyuma ya gari, na wengine pikipiki ndogo, juu ya kichanja cha chuma kilichofungwa mkiani. Shemeji yangu alikuwa amepata skuta ya sisi 125 kwa bei nzuri. Skuta ilikuwa na kilo 115 na kichanja kilo 35, jumla kilo 150.

"Kilo 150 ni nini?" alisema akicheka. "Ni kama kuwapa lifti watu wawili wanene."

Tulikuwa watu watano: wao wawili, watoto wao wawili, na mimi mgeni. Tukapakia vyakula, viti vya kukunja, na sanduku langu lenye unga, dagaa na mchele niliotoka nao nyumbani. Tangi la maji likajazwa. Tukaomba, tukaondoka kuelekea kaskazini kwa barabara kuu ya M6, kwenda Lake District, nchi ya milima na maziwa iliyoko kaskazini-magharibi ya Uingereza.

Mara ya kwanza na ya pili

Shemeji aliendesha kwanza. Tulipopumzika njiani, mdogo wangu akashika usukani. Haukupita muda nikamsikia akisema, "Baba watoto, mbona usukani huu ni mwepesi hivi?"

"Ni upepo," akajibiwa.

Baadaye kidogo lori kubwa lilitupita, gari letu likayumba. Akasema tena, "Hapana, kuna kitu. Naona kama magurudumu ya mbele hayashiki barabara."

"Mama, gari ni refu hili. Utalizoea."

Basi akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na watoto, nikaiona mikono yake jinsi ilivyokaza usukani mpaka mishipa ikasimama. Alipunguza mwendo, akakaa upande wa magari ya polepole, na hakusema neno mpaka tulipofika.

Usiku ule tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, niliogopa. Nilihisi kama gari linaelea. Lakini nilishasema mara mbili. Ya tatu ungekuwa ugomvi, na wewe mgeni upo, na watoto wanasikia. Nikaona heri amani."

Mama mwenzangu, ni wangapi kati yetu wamewahi kununua amani kwa bei hiyo? Watoto wawili walikuwa ndani ya gari lile.

Mwiko na kikombe

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi tulitaka kuhamia sehemu yenye changarawe, lakini gari likakataa kutoka kwenye majani mabichi. Magurudumu ya mbele yalizunguka bure, yakarusha matope. Gari lile, kama mengi ya aina yake, huvutwa na magurudumu ya mbele.

Mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa jirani yetu alikuja kusaidia kusukuma. Tulipofanikiwa alizunguka nyuma, akaitazama skuta, kisha akauliza swali moja tu: "Mmepima?"

Hatukuwa tumepima. Mzee hakutucheka. Alichukua mwiko wetu, akaulaza juu ya kikombe kilichofunikwa, kisha akaubonyeza kwa kidole kwenye ncha ya mpini. Kichwa cha mwiko kikainuka juu. "Kikombe ni magurudumu ya nyuma," akasema. "Kidole changu ni pikipiki yenu. Na hiki kilichoinuka ndicho mnachokitumia kukata kona na kushika breki."

Akatufundisha hesabu yake. Kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma kulikuwa na mita 4. Skuta ilikaa mita 2 nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mzigo wa kilo 150 ukikaa hapo, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 150, bali 225. Zile 75 za ziada zinatoka wapi? Zinaondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Kwa hiyo mzigo uleule unaikandamiza nyuma kupita kiasi, na papo hapo unaipunguzia mbele uzito wa kuishika barabara.

Jambo hili sisi wanawake tunalijua kwa miili yetu. Ndoo ya maji ukiishika karibu na kiuno utafika nayo nyumbani. Jaribu kunyoosha mkono uishike mbali na mwili, ndoo ileile, hutapiga hatua kumi. Mtoto mgongoni akifungwa juu na kubanwa vizuri, unalima naye. Mbeleko ikilegea akaning'inia, anakuvuta kiuno mpaka jioni. Uzito ni uleule. Kilichobadilika ni mahali ulipokaa.

Mizani haina upendeleo

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye mizani ya magari katika mji wa jirani. Tulipima kila kitu kama tulivyosafiri: watu wote watano ndani, maji kwenye tangi, mizigo mahali pake. Hata mimi na kilo zangu 78 nilihesabiwa, pamoja na sanduku langu la unga.

Kila gari la aina ile lina kibao kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa. La kwetu liliruhusiwa jumla ya kilo 3,500, na ekseli ya nyuma peke yake isizidi 2,000. Mizani ilionyesha mbele 1,390 na nyuma 2,240, jumla 3,630. Tulikuwa tumezidisha kilo 130 kwa jumla, na kilo 240 kwenye ekseli ya nyuma.

Skuta na kichanja vikashushwa, gari likapimwa tena. Mbele 1,465, nyuma 2,015, jumla 3,480. Jumla ilikuwa sasa ni halali, lakini ona, ekseli ya nyuma bado ilikuwa imezidi kwa kilo 15! Ilitubidi kumwaga maji, maana lita 100 za maji ni kilo 100, na tangi lilikuwa nyuma. Ukiangalia jumla peke yake unaweza kudanganyika.

Hili si jambo la karatasi tu. Matairi yaliyozidishiwa mzigo hupata joto na yanaweza kupasuka. Gari huchelewa kusimama. Polisi au wakaguzi wa barabarani wakikupima, wanaweza kukutoza faini na kukuzuia usiendelee na safari. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kuleta maneno. Shemeji aliuliza kama kibao cha uzito kinaweza kubadilishwa. Kwa baadhi ya magari inawezekana. Lakini wao wote wawili walifaulu mtihani wa udereva wa Uingereza baada ya tarehe 1 Januari 1997, na leseni zao hazikuwaruhusu kuendesha gari la dizeli la zaidi ya kilo 3,500 bila mtihani mwingine.

Shemeji alizisoma zile karatasi za mizani mara mbili. Kisha akamgeukia mkewe mbele yetu sote akamwambia, "Uliniambia. Mara mbili uliniambia." Hakuongeza neno, wala mdogo wangu hakusema, "Si nilisema?" Nilimheshimu kila mmoja kwa sehemu yake.

Siku ya kurudi, mdogo wangu aliendesha gari, na shemeji akairudisha skuta mwenyewe kwa barabara ndogo. Sisi tulifika mchana. Yeye alifika saa tatu usiku, amelowa kama kifaranga, akicheka. Baadaye walinunua tela dogo, na skuta ikasimama juu ya magurudumu ya tela badala ya kuning'inia kwenye mkia wa gari. Hata hapo walisoma kwanza katika karatasi za gari ni uzito gani linaruhusiwa kuvuta, na mzigo wa jumla wa gari na tela pamoja.

Ya kukumbuka kabla ya kufunga mzigo nyuma

Huenda una ndugu ughaibuni mwenye gari-nyumba, au mumeo ana pikapu na hubeba pikipiki ya shamba. Haya yatakufaa.

1. Pima kwanza, na upime ekseli moja moja. Kichanja nacho kina uzito. Watu, maji, gesi na chakula vyote vihesabiwe.

2. Vitu vizito vikae karibu na katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na chini. Vyepesi kama blanketi na nguo ndivyo viende mkiani.

3. Hakikisha kichanja kimefungwa kwenye chuma cha chasisi chenye nguvu, wala si kwenye bodi, na kwamba kimetengenezwa kwa uzito huo.

4. Pikipiki ifungwe kwa mikanda minne ya kukazia, miwili mbele na miwili nyuma, ikivuta chini pande zote mbili mpaka springi za mbele zibonyee kiasi. Kamba ya katani hulegea. Simama baada ya kilometa chache ukague tena, kisha kila mnapopumzika.

5. Zunguka nyuma utazame. Taa za breki, indiketa na namba ya gari zinaonekana? Zikizibwa, nyingine ziwekwe nje ya mzigo.

6. Gari limeongezeka urefu, na mkia wake hufagia nje linapokata kona. Watoto wasisimame karibu nyuma kituoni au kambini.

Na kwa pikapu: ukifungua mlango wa nyuma ili gurudumu la pikipiki likae juu yake, umeupeleka mzigo mkiani vilevile. Sukuma pikipiki mpaka mbele, iguse ukuta wa kabini, ndipo ufunge. Bodaboda naye akifunga gunia la mkaa nyuma kabisa ya kiti, gurudumu lake la mbele linakuwa jepesi, na kilimani anaweza kuanguka chali. Usikubali kupanda pikipiki ya namna hiyo ukiwa na mtoto.

Neno la mwisho

Mara nyingi mzigo unaotuyumbisha nyumbani si mkubwa mno. Umewekwa mahali pasipofaa, na hakuna aliyeupima. Mwenye kushika usukani saa hiyo ndiye anayeuhisi kwanza, awe baba au mama. Mdogo wangu alihisi, akasema mara mbili, akanyamaza. Tulifika salama, lakini haikuwa kwa sababu ya kunyamaza kwake.

Mama, ukihisi usukani umekuwa mwepesi, sema. Sema kwa heshima, usimfedheheshe mwenzako mbele ya watu. Lakini ikibidi sema mara ya tatu, na ya nne, na uombe gari lisimame mpaka mkague pamoja. Na wewe baba, ukiokota gazeti hili mezani ukafika hapa, mkeo akikuambia kuna kitu, usimjibu kwamba ni upepo. Shuka, uzunguke nyuma, utazame.

Mpaka mwezi ujao, nawatakia safari njema.