Polisi Waliunganishwa, Lakini Nani Mtaani Anajua Biashara Yako ya Simu?

Wauzaji wenzangu, leo siongei picha za bidhaa wala bei. Leo naongea usalama, kwa sababu mzigo mmoja ukiibwa njiani, faida ya wiki nzima imeenda nao.

Nilipoanza kuuza nguo za watoto na viatu kwa WhatsApp, karibu na kwetu kulikuwa na kambi ya chifu, na ndani yake walikaa askari wa AP. Koplo mmoja alikuwa mteja wangu, ananunulia mtoto wake sweta. Jioni moja kijana akamnyang'anya mtu wangu wa boda mifuko miwili. Nilikimbia kambini na kanga kiunoni. Koplo aliuliza tu kijana alikuwa amevaaje na amekimbilia wapi. Saa tatu usiku mifuko ilikuwa mlangoni kwangu, imepungua jozi mbili za viatu.

Mwaka jana ikatokea tena, barabara ile ile. Siku hizi ile kambi ni kituo kidogo cha polisi, imepakwa rangi na kuwekwa ubao mpya. Nilikuta vijana wawili, wana adabu, lakini wamehamishwa juzi tu. Hata kichochoro cha nyuma ya soko hawakukijua. Wakaniambia niende kituo kikubwa, ndiko OB inaandikwa. Nikapanda matatu mbili, nikaandikisha, nikapewa namba. Mzigo ulikuwa wa shilingi 4,200. Namba ya OB ninayo mpaka leo. Mzigo sina.

Kilibadilika nini katikati? Septemba 2018 serikali ilitangaza kuunganisha polisi wa kazi za kawaida. Mpango ulikuwa maafisa 24,572 wa AP waingie Kenya Police iliyokuwa na 39,680, wawe 64,252 chini ya amri moja. Zamani kila eneo lilikuwa na wakubwa wawili, wa AP na wa Kenya Police, kila mmoja na watu wake. Sasa kuna kamanda mmoja wa kaunti, mmoja wa kaunti ndogo, na OCS wake kituoni. AP ikabaki na kazi kama kulinda mipaka na majengo muhimu ya serikali.

Ukweli usemwe, sababu zilikuwepo. AP alikuwa akikamata mwizi, lazima ampeleke kituo cha Kenya Police ndiyo kesi iende kortini. Hapo katikati mambo mengi yalipotea. Ukilalamika, huyu anakwambia muulize yule. Na tusidanganyane, kambini mambo mengi yalimalizwa kwa chai, hakuna kilichoandikwa. Kijana wangu wa mifuko miwili hakufika kortini. Alichapwa makofi, akaachiliwa, na nina hakika mwezi uliofuata alimwibia mtu mwingine.

Kwa hiyo mimi sisemi turudi kule. Amri moja ni jambo zuri. Shida yangu ni kwamba walipounganisha wakubwa, hawakuhakikisha yule askari anayejua mtaa anabaki na kazi ile ile.

Sisi wa mtandaoni hili linatuumiza kuliko mwenye duka. Duka lina mlango, lina kufuli na jina juu. Askari wa doria akipita analiona. Biashara yako wewe iko wapi? Iko kwenye simu, chini ya kitanda, na mgongoni kwa mtu wa boda. Askari mgeni hawezi kujua kwamba lile geti la bluu linatoa mizigo kumi kila jioni. Atajua tu kama amekaa mtaani muda wa kutosha, na kama mnajuana.

Halafu kuna ukubwa wa hasara zetu. Shilingi 4,200 kwako ni stoki. Kwa kamanda mwenye kaunti ndogo nzima, yenye mauaji, wizi wa magari na maandamano, ni mstari mmoja kwenye kitabu. Simlaumu. Eneo likiwa kubwa, kubwa ndiyo huonekana kwanza. Ndiyo maana lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni yale madogo.

Na si Kenya tu. London nao waliunganisha. Mitaa yao mikubwa 32 ilikuwa na kamanda wake kila mmoja. Kufikia 2019 walikuwa wamebakiza kanda 12, sababu kubwa ikiwa ni kubana matumizi. Waliahidi kila kata itabaki na polisi wake wasiopungua wawili. Mwaka 2023 Louise Casey akatoa ripoti kuhusu polisi wa jiji hilo, na moja ya mambo aliyoyakuta ni kwamba ulinzi wa mtaani ulikuwa umedhoofika. Hao wana pesa kutuzidi mbali. Ahadi ya polisi wa mtaa huwa ya kwanza kuvunjwa, kwa sababu kukiwa na dharura popote, yeye ndiye anayeondolewa kwanza.

Mimi naomba mambo matatu tu. Moja, kila mtaa uwe na askari anayejulikana kwa jina, jina lake libandikwe kituoni na kwa chifu, na asihamishwe kila baada ya miezi michache. Mbili, vituo vidogo vilivyokuwa kambi viandike OB hapo hapo, au vitume taarifa kituo kikubwa wenyewe, si mimi kupanda matatu mbili usiku. Tatu, doria iwepo saa kumi na mbili mpaka saa tatu jioni, wakati mizigo yetu iko barabarani.

Wakati tunangoja, fanya haya:

1. Nenda kituo cha karibu kabla hujaibiwa. Jitambulishe, sema unauza nini na mizigo inatoka saa ngapi. Mpeleke na mtu wako wa boda.

2. Andikisha hata wizi wa shilingi 800. Kuandikisha OB ni bure. Kama hatuandikishi, kwenye vitabu vyao mtaa wetu ni salama, na hakuna atakayeongeza doria.

3. Nendeni kama kundi. Wauzaji sita wenye namba sita za OB za barabara moja wanasikilizwa kuliko mtu mmoja anayelia.

4. Ingia kwenye mikutano ya Nyumba Kumi na kamati za ulinzi wa jamii. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inazitambua kamati hizo. Zikijaa wenye nyumba na wenye maduka peke yao, shida ya boda na mizigo haitatajwa.

5. Ukiombwa pesa ili uandikiwe, au ukifukuzwa, andika tarehe, saa na namba ya askari, upeleke malalamiko IPOA.

Najua kuna watakaosema polisi ni wale wale, usipoteze muda. Mimi yule koplo nilimjua kwa sababu ya sweta ya mtoto, si kwa sababu serikali ilipanga. Wiki iliyopita nimerudi kwa wale vijana wawili, nikawaonyesha kichochoro cha nyuma ya soko. Mmoja ameniuliza viatu vya saizi saba.

Kwenu ikoje? Unamjua askari hata mmoja wa mtaa wako kwa jina? Andika hapo chini, tujue wangapi tuko gizani.