Mwarabu wa kibandani

SAUTI YA KUSINI
Na Binti Nyangwe

Jumapili hii, katika kibanda kimoja cha video karibu na soko la Kasongo, hapa Maniema, Kongo, nilimwona mtoto wa miaka kumi hivi akishangilia mtu mwenye kanzu alipopigwa risasi. Mtoto mwenyewe alikuwa amevaa kofia ya chuoni, na juzuu yake iko mapajani. Sikuja kuangalia filamu. Nilikuja kumtoa mjukuu wangu, niliyemtuma chumvi tangu asubuhi, nikamkuta benchi ya mbele na pesa ya chumvi ameshailipa mlangoni. Nikasimama nyuma, jenereta inanguruma nje, joto la bati linatushukia kichwani, nikaangalia na mimi.

Filamu ilikuwa ya Wamarekani, ya vita vya jangwani, imetafsiriwa kwa Kiswahili. Wale askari wote walikuwa na majina: huyu ana mke, yule ana barua ya mama yake. Wale wa upande wa pili hawakuwa na jina hata mmoja. Walitoka nyuma ya ukuta wakipiga kelele, wakaanguka, wakatoka wengine. Mtafsiri, mwenye sauti nzuri kweli, akawa anawaita “Mwarabu huyo, muuza watu huyo!” Na kila aliposema hivyo, kibanda kilipiga makofi.

Nikamgusa bega yule wa kofia. Nikamwuliza, huyu aliyekufa amekosa nini?

“Mama, si ni Mwarabu?”

Hilo ndilo lilikuwa jibu lote. Jina la mtoto huyo ni la Kiarabu, salamu aliyonipa ilikuwa ya Kiarabu, na asubuhi yake alisoma alifu na bee kwa sauti mpaka nyumba ya tatu wakamsikia. Sikulala vizuri usiku ule, na hasira haijanitoka.

Ndugu zangu wa Kabambare, mnaoniandikia kila wiki kwamba Kasongo tunajifanya Maka ya Maniema, safari hii nivumilieni, maana jambo hili ni letu sote. Sitaki mtu afiche yaliyotendeka zamani za biashara ya watumwa. Nyangwe palimwagika damu sokoni mwaka 1871, Livingstone akiona kwa macho yake. Mababu zetu walifungwa minyororo, na waliowafunga walikuwa Waarabu na Waungwana waliofuatana nao, pamoja na watu wetu wenyewe waliopewa bunduki. Lakini Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, mzaliwa wa Zanzibar mwenye damu ya Uarabu na ya Uafrika, aliandika maisha yake mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Baadaye majeshi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, yakamtoa mwanawe Sefu hapa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, yakaingia Kabambare Januari 1894, na tangu hapo msimulizi akawa mmoja. Mbelgiji alijiita mkombozi aliyetuokoa na Mwarabu. Habari za mpira tuliolazimishwa kuvuna na mikono iliyokatwa hakuzitaja. Filamu ile ya Jumapili ni somo lilelile la wakoloni, ila sasa tunalilipia mlangoni.

Na Waarabu wenyewe wako wapi? Filamu wanazo, na nzuri. Tatizo lao ni kwamba wanazipeleka kwa kila mtu ila kwetu sisi. Hapa kwetu Waislamu wengi wanaijua moja tu, *The Message* ya mwaka 1976, inayotolewa sikukuu ikifika. Aliyeitengeneza ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo. Aliipiga filamu hiyo mara mbili: mara moja kwa Kiarabu na waigizaji Waarabu, mara ya pili kwa Kiingereza, na Hamza, ami yake Mtume, akachezwa na Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico. Hakuwa na njia nyingine. Bila uso ambao Marekani inaujua, dunia isingefungua mlango. Mtu huyohuyo alipata mkate wake kwa filamu za kutisha za *Halloween*, na mwaka 2005 aliuawa Amman pamoja na binti yake, katika mabomu ya mahotelini yaliyolipuliwa na watu waliojiita watetezi wa Uislamu. Namfikiria sana mtu huyu. Alikosa kwao, akakosa ugenini.

Waliomfuata wanakwenda Cannes na Venice. Fedha zinatoka Ufaransa, tuzo zinatoka Ulaya, na filamu inazeeka bila kuonekana mtaani. Saudia ilipofungua majumba ya sinema Aprili 2018, baada ya miaka zaidi ya 35, filamu ya kwanza kuonyeshwa Riyadh ilikuwa *Black Panther*. Ya Marekani! Mwenye nyumba amekaribisha mgeni kwa chakula cha jirani.

Mwaka huohuo mwongozaji Nadine Labaki wa Lebanoni alitunukiwa Cannes kwa *Capharnaüm*. Mpwa wangu aliniletea kwenye flashi kutoka Goma. Kuna mtoto wa Beirut, Zain, anawashtaki wazazi wake mahakamani kwa kumzaa. Kuna mama wa Kihabeshi, mtumishi wa nyumbani asiye na karatasi, anamficha mwanawe chooni ili afanye kazi. Mama akikamatwa, Zain anamweka yule mtoto ndani ya sufuria kubwa juu ya ubao wenye magurudumu, anamburuta barabarani akitafuta maziwa. Aliyemcheza Zain alikuwa mkimbizi wa kweli kutoka Siria. Nani Kasongo asiyemjua mtoto huyo? Anapita sokoni kila siku na sahani ya karanga kichwani.

Nikampelekea mwenye kibanda ile flashi. Akaishika, akauliza kama ina vita. Nikasema haina. Akanirudishia: “Mama Mwalimu, filme bila masasi haileti watu.”

Salamabila ni vilevile, kule kwenye dhahabu ya Namoya. Vijana waliokwisha kusikia risasi za kweli usiku, wakakimbilia porini na watoto mgongoni, wanalipa ili wasikie nyingine. Hilo ni kosa la wenye vibanda, na ni kosa la mashehe wetu wanaokemea sinema yote kwa jumla halafu wanaondoka bila kuleta hata moja mbadala. Watafsiri nao wanaweza kuchukua filamu ya Cairo au ya Tunis na kuipa sauti ileile nzuri. Hawajajaribu.

Basi nasema hadharani. *Capharnaüm* ninayo. Mwenye kibanda yeyote wa Kasongo au Kabambare atakayenipa saa mbili za Jumapili, nitakuja na flashi yangu, nisimame kando ya televisheni niitafsiri kwa mdomo wangu. Sitaki malipo. Watoto waingie bure, na mafuta ya jenereta nitanunua mimi.