Ndizi Zilizopitiliza Usizitupe

Pale njia panda ya Nyakanazi ndizi mbivu hazikosekani. Shida ni zile zinazobaki hadi ganda linakuwa jeusi, tukawatupia mbuzi.

Akina mama wa Marekani nao walizionea uchungu. Miaka ya 1930 uchumi wao ulianguka, kazi zikakosekana, na bekingi pauda ilikuwa imeshaenea madukani. Ndipo mkate wa ndizi, ambao kwa kweli ni keki, ukapata umaarufu. Mwaka 1933 kampuni ya unga ya Pillsbury iliuweka katika kitabu chake cha mapishi. Na wao ndizi hununua nje, sisi tunazo uani!

Ponda ndizi 3. Changanya na mayai 2, sukari kikombe 1 (mimi hupunguza, ndizi hizo ni tamu tayari), mafuta nusu kikombe, unga wa ngano vikombe 2 na bekingi pauda vijiko 2 vya chai. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta, funika. Moto kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 40 chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, epua.

Baba watoto akiuliza sukari imekwenda wapi, mkatie kipande.