Mbwa akikataa chakula tusimpuuze



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu tabia ya baadhi yetu tunaofuga mbwa. Mbwa akitapika na kukataa chakula, utamsikia mwenyewe akisema, "Mwache, atakula majani apone." Wengine husema jirani kamtilia sumu, na ugomvi wa mtaa huanzia hapo.

Ni kweli mbwa mkubwa aliyetapika mara moja, naye bado amechangamka, aweza kunyimwa chakula nusu siku, akapewa maji kidogo kidogo, akapona. Lakini mtoto wa mbwa anayetapika mfululizo, akahara damu yenye uvundo na kulala tu, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda ni parvo, ugonjwa ulioenea duniani tangu 1978. Hauna dawa ya kuua virusi vyake. Daktari humwongezea mgonjwa maji mwilini, maana kuishiwa maji ndiko kunakomwua upesi. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, na ndiyo sababu anayeleta mbwa mwingine mdogo mapema humzika naye. Tena tuache kuwapa mbwa vidonge vyetu vya maumivu. Vinawaharibu tumbo, ini na figo.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni mbwa anayeshindwa kumeza, taya limelegea na udenda unamtoka. Watu husema kakwamwa na mfupa, wakamtia mkono kinywani! Huyo aweza kuwa na kichaa cha mbwa, na mate yake yakiingia kwenye mchubuko, mtu huambukizwa hata bila kung'atwa. Afungiwe, aitwe bwana mifugo. Aliyekwisha kumshika aoshe mkono kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa akachomwe sindano za kinga. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni karibu muhali.

Nawaomba viongozi wa mitaa, kila wanapotangaza siku ya chanjo ya kichaa, wawaeleze wananchi kwamba sindano ile haizuii parvo. Ya parvo ni nyingine, huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi wanadhani mbwa akichomwa mara moja amekingwa na yote.

Mfuga Mbwa,
Morogoro.