Upau Unaodanganya

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi hudhani kwamba mambo ya tarakilishi ni ya watu wa vitivo vingine. Mimi nami niliishi na dhana hiyo hadi usiku nilipopoteza utambaji wa mzee mmoja wa Siyu, wa saa mbili na nusu, kwa sababu ya kijistari cha rangi kwenye kioo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilikuwa nimetoka nyanjani na kamera ya kuazima, na mwenyewe aliitaka asubuhi pamoja na kadi yake. Video ilikuwa kubwa mno, kwa hivyo nikatumia programu ya madirisha kuipunguza na kuihifadhi katika diski kuukuu ya nje. Upau ulisonga vizuri hadi asilimia 99, kisha ukaganda. Nilingoja dakika 10, zikawa 15. Nikahitimisha kwamba programu imekufa, nikaifunga kwa nguvu. Nikajiambia kwamba aliyepata 99 kwa 100 hakukosa kitu, nikairudisha kadi. Faili ile haijafunguka hadi leo, na kadi ilikwisha kufutwa. Msomaji wa fasihi simulizi hahitaji kuelezwa hasara hiyo: mzee yu hai, lakini utendaji wa usiku ule, kwa hadhira ile, haurudiwi.

Baadaye nilijifunza kwamba dirisha lile halikuwa likifanya kazi yoyote. Nyuma yake palikuwa na ffmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, isiyo na dirisha wala kitufe. Huandikiwa amri, ikatenda. Dirisha ni mkalimani tu. Halijui lolote kuhusu kazi ila lile linalolisoma katika maneno ya mtendaji. Hapo ndipo ilipo kasoro, maana wakalimani wengi hawajui kusikiliza.

Mathalani, ffmpeg hutangaza hatua iliyofikia kupitia mkondo wa makosa, hata pasipo kosa lolote. Dirisha linalosikiliza mkondo wa matokeo peke yake halitasikia kitu. Isitoshe, haiandiki mstari mpya kila mara, bali hurudi mwanzo wa mstari uleule na kuandika juu yake. Mkalimani anayengoja mstari ukamilike atangoja hadi kazi iishe. Zipo pia programu nyingi za amri ambazo zikigundua kwamba zinaiandikia programu nyingine, wala si binadamu aliye mbele ya kioo, hulimbikiza maneno na kuyatoa kwa mkupuo. Na lililonishangaza zaidi ni hili: katika Linux, bomba linalounganisha programu mbili kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa bila kusomwa, mtendaji mwenyewe husimama katikati ya neno akingoja nafasi. Asiyesikiliza humzuia hata anayefanya kazi!

Tiba ipo, wala si ngumu. Ukiiongezea ffmpeg chaguo la -progress, hutoa habari zake katika mistari iliyo wazi: jina, alama ya usawa, thamani. Muda wa video nzima huulizwa mapema kwa ffprobe; muda uliokwisha kushughulikiwa hugawanywa kwa huo, na asilimia ya kweli hupatikana. Usomaji huo ufanyike kando, ili dirisha lenyewe lisigande.

Lakini hata asilimia ya kweli haitoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya marafiki zangu waandishi wa programu. Faili ya MP4 ina faharasa inayoonyesha kila picha na kila sauti iliko, nayo huandikwa mwishoni kabisa. Ikiombwa iwekwe mwanzoni, ffmpeg ikimaliza kubana picha hulazimika kuipitia faili upya na kuyasogeza yaliyomo ili kuipa nafasi. Wakati huo hakuna muda wa video unaosonga, kwa hivyo hakuna asilimia ya kutangaza. Yamkini hapo ndipo nilipoifunga. Upau wangu haukukosea hesabu. Ulinyamaza palipohitaji maneno.

Marafiki hao husema kwamba mtumiaji wa kawaida huogopeshwa na maelezo, na kwamba upau unaosogea humtuliza. Wapo hata wanaoubuni mwendo wake kwa kukisia. Mimi nasema mtu mzima akiambiwa "sijui muda uliobaki, lakini kazi inaendelea" atangoja. Anayefichwa ndiye hukata waya. Pawepo na kitufe cha kufunua maneno ya mtendaji kama yalivyo. Faili iandikwe kwa jina la muda hadi ikamilike. Na neno "tayari" lisionekane kabla mtendaji hajatoka kwa namba sifuri, ambayo ndiyo ishara ya kufaulu.

Sehemu yetu sisi ni maneno yenyewe. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, hatuwezi tena kudai kwamba Kiswahili hakina mahali katika madirisha haya. Hata hivyo, mara nyingi mfasiri hupewa orodha ya vibandiko bila kuona kazi inayotajwa, naye akaandika "Tafadhali subiri" kwa kila hali, au "Maendeleo", neno ambalo masikioni mwangu huleta barabara na visima. Napendekeza "hatua". Tena hatua zitajwe kwa vitenzi: inasoma, inabana, inapanga faharasa. Katika kidirisha kidogo ninachojiundia sasa kwa ajili ya rekodi zilizosalia, hiyo ya tatu haina asilimia. Ina saa inayohesabu dakika zilizopita, na chini yake maneno haya: usifunge.