Baridi ni ya bara, letu ni Kusi

Kila mwisho wa wiki husoma utabiri wa siku saba wa Idara ya Hali ya Hewa. Si kwa utaalamu, maana diploma yangu ni ya uhasibu. Husoma kwa sababu nina mpwa wangu mvuvi kule Amu.

Utabiri huanza na bara, na wiki ijayo si tofauti. Nairobi ni mawingu tangu asubuhi, jua likitokeza kidogo mchana. Nyandarua na milima ya karibu, usiku ni chini ya nyuzi 10. Hiyo ndiyo habari inayoingia kwenye runinga, pamoja na picha za watu waliojikunyata ndani ya majaketi. Tukifika Pwani: mchana nyuzi 28, usiku 21, manyunyu ya asubuhi hapa na pale. Mtu wa Nyahururu akisoma hivyo atatuonea wivu. (Na sisi, tusiseme uongo, kwa hizo nyuzi 21 tumeshatoa masweta. Mamangu hufunga madirisha yote mara tu baada ya Maghrib.)

Kisha, mwishoni kabisa, kuna mstari mmoja: upepo mkali wa kusini wenye kasi ya zaidi ya noti 25, na mawimbi ya zaidi ya mita mbili. Mimi huanza kusoma hapo.

Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Upepo huo hauzuki hapa kwetu. Kule kusini mwa dunia sasa ndiyo majira yao ya baridi, na hewa nzito hujikusanya baharini upande wa Mauritius na Réunion. Hewa hiyo husukumwa kuja kaskazini, ikapita mbele yetu, ikaongezeka kasi kadiri inavyoelekea Somalia, kisha ikakata kona kwenda kuwapelekea Wahindi mvua zao. Kwa hivyo Kusi la Vanga si Kusi la Kiunga. Ukitoka Kwale ukapanda mpaka Lamu, upepo wazidi. Lakini mstari ule mmoja hutuweka sote kapu moja, kuanzia mpaka wa Tanzania hadi mpaka wa Somalia.

Tena haukutaji maji. Hapo ndipo nilipo na ugomvi na utabiri huu, na ninaomba mnivumilie kidogo.

Mvuvi wa mashua ndogo hujua kwamba Kusi hupungua usiku na kuchacha mchana. Basi hutoka alfajiri, akafanya kazi yake, akarudi kabla upepo haujapanda. Ujanja huo wafaa siku za maji mafu. Mwanzo wa wiki ijayo ni maji mafu yanayokwisha, nguvu ya maji si kubwa, na mwenye chombo kizima anaweza kujaribu. Lakini mwezi wa Safar unaandama mwishoni mwa wiki, na mwezi ukiandama ni bamvua. Siku za bamvua maji kwetu hujaa mnamo saa kumi za alfajiri, yakakupwa mnamo saa nne asubuhi. Yaani saa zile zile ambazo upepo ni mdogo kidogo, ndizo ambazo maji yanatoka kwa kasi. Pale mlangoni baina ya Shela na Ras Kitau, maji yanayotoka hukutana uso kwa uso na mawimbi yanayoingia na Kusi. Wimbi la mita mbili la bahari kuu, ambalo chombo chaweza kulipanda na kulishuka, likifika hapo husimama wima na kuvunjika.

Kwa hivyo noti 25 za Jumatatu si noti 25 za Jumamosi. Karatasi ya utabiri haisemi hivyo. Kusema kwake kungekuwa na ugumu gani? Mwezi unajulikana, jedwali la maji kupwa na kujaa lachapishwa mwaka mzima kabla. Wenzetu wa Tanzania, mamlaka yao ya hali ya hewa hutoa habari za bahari kwa Kiswahili, kasi ya upepo kwa kilomita na urefu wa mawimbi kwa mita. Waraka wetu mkuu wa kila wiki ni wa Kiingereza. Twategemea mtangazaji wa redio autafsiri, na akibanwa na muda, cha kwanza kukatwa ni mstari wa mwisho.

Nakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania. Wiki nzima hatukuzungumza jingine. Serikali ilitoa tahadhari, watu wakatakiwa wakae mbali na bahari, kila simu ilikuwa na ramani. Vizuri sana. Lakini kimbunga ni cha siku chache, na pwani ya Kenya hakikuipiga kwa nguvu iliyohofiwa. Kusi lipo miezi, kila mwaka. Julai 18, 2012 MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, upepo ukiwa mkali. Hiyo ilikuwa meli. Sisi tunazungumzia mashua ya watu wanne.

Sasa nitasikia wale wa ofisini wakisema wavuvi ni wabishi, huambiwa wasiende na wakaenda. Nakubali kwamba wapo wabishi. Wapo pia wanaoacha jaketi la kuokolea nyumbani wakasema wamemtegemea Mungu, na kumtegemea Mungu siko huko. Lakini wengi hawaendi kwa ubishi. Wazee wetu walikuwa na miongo yao wakihesabu tangu Nairuzi, na bahari ilikuwa na wakati wa kufungwa. Jahazi lilipandishwa pwani, likapigwa deheni, watu wakangoja. Aliweza kungoja kwa sababu Kaskazi lilimwachia akiba, na kwa sababu mwenye kidau alikuwa na pa kuvua ndani, penye kivuli cha upepo: mikoko, Mkanda, ghuba ya Manda.

Leo pale ndani kuna bandari. Gati la kwanza la Lamu, Kililana, lilifunguliwa Mei 2021, na kabla ya hapo bahari ilichimbwa na njia za vyombo zikabadilika. Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara hiyo. Yaliyofuata ni rufaa na mazungumzo, na Amu nzima yayajua. Ninachotaka kionekane ni uhusiano wake na utabiri wa wiki ijayo: ukimfungia mtu maji ya ndani, umempeleka nje ya mwamba, na nje ya mwamba mwezi wa Julai ndiko aliko Kusi.

Ongeza deni. Boti si yake, injini si yake, mafuta ametoa tajiri. Asipoingia baharini siku kumi, deni halimngoji, na dukani unga haupungui bei. Ndiyo maana mimi sina matumaini na tahadhari peke yake, hata ikitafsiriwa vizuri namna gani. Ukame ukija, wafugaji wa Tana River na Garissa huhesabiwa na kufikiriwa msaada, na ni haki yao. Sijaona kaunti ya Pwani inayoitengea Juni hadi Agosti fungu lake, wala mkopo wa wavuvi unaosimamisha marejesho miezi hii mitatu. Na Kusi, tofauti na ukame, tarehe zake tunazijua.

Jana baada ya Isha nilimpigia mpwa wangu. Nikamsomea ule mstari, nikamweleza habari ya bamvua, ingawa kwake ilikuwa ni kumfunza samaki kuogelea.

"Jumatatu na Jumanne nitaingia, mjomba," akasema. "Ijumaa sitoki, nitaswali."

Nikamuuliza, na Jumamosi? Akaniuliza hali ya mamangu.